Kuacha Nyama, Maziwa na Asali kwa Hiari: Je, Ni Kuharamisha Alichohalalisha Allah?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Tumepokea swali refu kutoka kwa kijana wa Berega, wilayani Kilosa. Kwa ufupi anasema kwamba ana umri wa miaka 26, ni Muislamu na anaswali. Alipokuwa masomoni Morogoro mjini alianza kuacha nyama, kisha samaki, kisha maziwa na mayai, na sasa hata asali haigusi. Sababu yake ni huruma kwa wanyama. Siku ya Idd el-Hajj mzee wake alichinja mbuzi na akamtaka amshikie miguu. Akakataa, na katika kubishana akasema mbele ya wageni kuwa wanakula maiti. Mzee akamjibu kuwa ameharamisha alichohalalisha Mungu, kwa hiyo ametoka katika Uislamu. Tangu siku hiyo baba na mwana hawaamkiani. Mwishoni mwa barua, kama mtu anayetaja jambo dogo, anaongeza kuwa mkewe ana mimba ya miezi mitano, na naye amemtaka afuate ulaji huo huo. Anauliza: nani ana haki?

Tutamjibu yeye, na tutamjibu mzee wake pia. Na hilo la mwisho alilolitaja kwa mstari mmoja tutalirejea kwa kirefu, maana kwetu sisi ndilo zito kuliko yote aliyoyaandika.

Ulaji wa mimea pekee una jina la Kiingereza, vegan, lililobuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, ili kujitofautisha na wale wanaoacha nyama lakini wanakunywa maziwa. Anayeufuata hali chochote kinachotokana na mnyama, na wengi wao hawavai hata ngozi wala sufu. Jina ni jipya, ama jambo lenyewe ni la zamani. Sisi tuliokulia Unguja tuliishi na Mabanyani ambao wengi wao hawakuwa wakigusa nyama wala samaki, ingawa maziwa na samli walivitumia, na hakuna aliyewasumbua.

Na katika ardhi ya Waislamu alikuwepo mshairi kipofu wa Sham, Abul-Alaa al-Maarri, aliyezaliwa mwaka 973 na kufariki mwaka 1057. Yeye aliishi miongo mingi bila ya nyama, maziwa, mayai wala asali. Mlinganiaji wa dola ya Fatimiya kule Misri, al-Muayyad fid-Din ash-Shirazi, alimwandikia barua akimtaka aeleze hoja yake, na barua zao zimehifadhiwa. Katika majibu yake alitaja kuwahurumia wanyama, na pia alitaja kwamba kipato chake cha mwaka kilikuwa kidogo na sehemu yake ilichukuliwa na mtumishi wake. Tunalitaja hili si kwa kumfanya kuwa hoja, maana wanazuoni wamemkosoa sana kwa maneno mengine aliyoyasema kuhusu dini. Tunalitaja ili mzee wetu wa Berega ajue kwamba mwanawe hakuleta jambo ambalo halijapata kusikika.

Kuacha ni jambo moja, kuharamisha ni jingine

Msingi wa suala hili ni aya ya 87 ya Suratul-Maida, ambamo Allah (S.W.) anawakataza walioamini wasiviharamishe vizuri alivyowahalalishia, wala wasivuke mipaka. Aya hii ndiyo aliyoitegemea mzee, na ameitegemea kwa haki. Lakini neno la aya ni kuharamisha. Je, kila asiyekula kitu amekiharamisha?

Tuangalie alivyofanya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Katika nyumba ya Bibi Maymuna (r.a.) aliletewa nyama ya dhabb, mjusi mkubwa wa jangwani anayefanana na kenge wetu. Alipoambiwa ni nyama gani akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Akamwambia kuwa si haramu, bali si mnyama wa nchi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid akakivuta chombo akala, na Mtume (s.a.w.) akimtazama. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na ndani yake mna jibu la nusu ya swali letu. Mtume hakula, na hakuharamisha. Hakumkataza Khalid, na wala Khalid hakumlazimisha. Walikaa kwenye chakula kimoja, na hatukusikia kwamba yeyote kati yao alimwambia mwenzake anakula maiti.

Nabii Yaakub (a.s.) naye alijizuilia chakula fulani, kama ilivyotajwa katika Suratu Aal-Imran aya ya 93. Wafasiri wengi wamesema kilikuwa nyama na maziwa ya ngamia, kwa ajili ya maradhi yaliyomsumbua.

Upande wa pili kuna mambo mawili ya kumtia kijana wetu wasiwasi. La kwanza ni mwanzo wa Suratut-Tahrim. Katika riwaya iliyo sahihi zaidi kuhusu kushuka kwake, Mtume (s.a.w.) aliapa kutokunywa tena asali aliyokuwa akiinywa kwa mmoja wa wakeze, kwa sababu ya kuwaridhisha wakeze wengine, na Allah akamuuliza kwa nini anajiharamishia alichomhalalishia. Angalia kwamba ni asali, kitu kile kile anachokikataa kijana wetu. Kilichokosolewa pale hakikuwa kutokunywa, bali kufunga mlango kwa kiapo.

La pili ni wale watu watatu waliokwenda kuuliza ibada ya Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake, wakaiona kuwa ni ndogo kwao, kila mmoja akajiwekea sharti. Katika riwaya ya Muslim mmoja wao alisema hatakula nyama. Mtume alipopata habari aliwakemea na kusema kuwa anayeipa mgongo Sunna yake si katika yeye. Hawa hawakuiacha nyama kwa kutoipenda. Waliiacha wakidhani kuwa kuiacha kunawakurubisha kwa Mungu kuliko njia ya Mtume wake.

Kwa hiyo hukumu inafuata kilichomo moyoni. Anayeacha nyama, maziwa na asali kwa kuwa nafsi yake haivitaki, au kwa afya, au kwa umasikini, au kwa kuchukizwa na namna wanyama wanavyotendewa siku hizi, hana dhambi. Anayeacha akiitakidi kuwa hiyo ni ibada ameingia katika uzushi. Na anayesema kuwa nyama iliyochinjwa kisharia ni haramu, au kwamba kuchinja kwenyewe ni dhulma hata kukifanywa kama Allah alivyoamrisha, huyo amemsahihisha Mola wake, na jambo lake ni la hatari kubwa. Kijana wetu ajiulize yuko katika fungu lipi. Sisi hatuwezi kumjibia.

Ama neno lake siku ya Idd, hilo halina utetezi. Mnyama aliyechinjwa kwa jina la Allah si maiti wala si kibudu. Mapokezi yanatuambia kuwa washirikina wa Makka walikuwa na kejeli iliyo karibu na hiyo: wakiwauliza Waislamu vipi wanakula walichokiua wao na wanaacha alichokiua Mungu. Na tumepokea kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula hata mara moja. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Kijana ametekeleza nusu ya mwendo huu na kuiacha nusu nyingine. Inampasa atubie kwa neno lile na amtake radhi mzee wake, na awatake radhi wageni walioalikwa.

Na mzee naye tunamwambia kwa adabu: kumwambia Muislamu anayeswali kuwa ametoka katika dini ni neno ambalo, kwa mujibu wa Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, humrudia mmoja wa wawili. Kwa aliyotuandikia mwanao hakusema kuwa nyama ni haramu. Alisema hali. Tena si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, seuze mtoto wa kumzaa. Umekaa miezi.

Hoja zinazotolewa mara kwa mara

Watu husema: Mtume alikula nyama, basi kuiacha ni kuacha Sunna. Ni kweli alikula, na alipenda sehemu ya mkono wa mbuzi. Lakini wanazuoni wa Usul hutofautisha baina ya alichokifanya kwa kuwa ni ibada na alichokifanya kwa maumbile yake ya kibinadamu. Vyakula alivyovipenda ni katika fungu la pili. Tena tusisahau kuwa Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa ilikuwa ukipita mwezi na mwezi mwingine bila ya kuwashwa moto nyumbani kwa Mtume, chakula chao kikiwa tende na maji, ila maziwa waliyopelekewa na majirani wa Kiansari. Na Anas (r.a.) amesimulia karamu ya fundi mmoja wa kushona nguo, ambapo mchuzi ulikuwa na mumunye na nyama kavu. Alimwona Mtume akiyafuata mamumunye pembeni mwa chombo, na tangu siku ile Anas akayapenda mamumunye. Na Umar (r.a.), kama ilivyopokewa katika Muwatta ya Imamu Malik, aliwaonya watu juu ya mazoea ya nyama, akiyafananisha na mazoea ya ulevi. Kwa hiyo anayedhani kuwa dini yetu haitimii ila kwa pilau la nyama, hayo ni mapenzi ya pilau, na sisi tumo humo humo.

Wengine husema: Allah amewaumba wanyama kwa ajili yetu, na asiyewala ameikataa neema. Suratun-Nahl, kuanzia aya ya 5, inataja manufaa ya wanyama wa mifugo: joto, manufaa mengine, chakula, kubeba mizigo, na hata uzuri wao wanaporejea jioni. Katika aya ya 8 wanatajwa farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupanda na ni pambo. Waislamu wangapi wa Unguja au wa Kilosa wamekufa bila ya kupanda nyumbu hata siku moja? Hatujamsikia mwanachuoni akisema kuwa wameikataa neema. Ruhusa ni ruhusa, haigeuki kuwa amri.

Wapo wasemao kuwa hata mimea ina uhai na inamsabihi Mola wake. Ni kweli inamsabihi, lakini hiyo ni hoja ya kushinda mabishano tu, na hatutakaa juu yake.

Wapo pia wanaosema ni kuwaiga Wazungu, au Marasta, au Wasabato ambao wengi wao huihimiza jamii yao kuacha nyama. Kujifananisha kunakokatazwa ni katika mambo yanayowahusu wao katika dini yao. Kula maharage si alama ya dini ya mtu. Lau ingekuwa hivyo, basi watu wa Berega wote wangekuwa wameingia humo, maana mboga ya siku nyingi pale ni maharage, mlenda na majani ya maboga, Muislamu na Mkristo sawa, na nyama husubiri Idd, Krismasi au harusi. Lakini hoja hii ina upande wake wa kweli katika nchi yetu. Kwa miaka mingi Waislamu ndio wamekuwa wakichinja ili kila mtu apate kula, na mwaka 2013 tuliona huko Buseresere mkoani Geita jinsi mzozo wa nani achinje ulivyosababisha mauaji. Mtu anayekataa nyama iliyochinjwa na baba yake mbele ya watu anaweza kufahamika vibaya, na mwenye busara hulieleza jambo lake mapema na faraghani, si pale sahani zinapotengwa.

Ipo hoja moja ya Kilosa hasa, na kijana wetu ameigusa katika barua yake. Anasema ng'ombe wameleta damu wilayani kwao. Anakusudia ugomvi wa wakulima na wafugaji, na hasa yale ya tarehe 8 Desemba 2000 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, ambapo waliuawa watu 38. Allah awarehemu wote waliokuwa na imani. Lakini ng'ombe hakupima mpaka wa shamba wala hakushika silaha. Watu wanagombana juu ya ardhi na maji, na kijana mmoja kuacha maziwa hakupunguzi ugomvi huo hata kidogo. Tena ufugaji ni kazi ya Manabii. Hakuna Nabii ila alichunga kondoo na mbuzi, kama ilivyo katika Bukhari. Asiifanye huruma yake kwa ng'ombe kuwa chuki kwa mwenye ng'ombe.

Anachosema kijana ambacho sisi wala nyama tunapaswa kukisikia

Baada ya haya itakuwa si uadilifu tukiacha aliyoyasema kwa haki. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) iliyomo katika Muslim, ametufundisha kuwa Allah amefaradhisha wema katika kila kitu, mpaka katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Alimkataza mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya macho ya mbuzi, akamuuliza kama anataka kumuua mara mbili. Alimwona ngamia akilia kwa njaa na kuchoshwa, akamwita mwenyewe na kumkumbusha amche Mungu kwa mnyama huyo.

Sasa simama kando ya barabara yoyote ya Morogoro utazame kuku wanavyosafirishwa. Wamefungwa miguu kumi kumi, wamening'inizwa vichwa chini pembeni mwa pikipiki, jua kali, safari ya saa nzima. Tazama ng'ombe wanavyosongamana kwenye malori yanayokwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, na wale wanaovushwa bahari kuletwa kwetu Unguja. Kisha anasimama muuzaji anasema ni halali, imechinjwa na Muislamu. Imechinjwa na Muislamu, sawa, na nyama yake ni halali kuliwa. Lakini dhambi ya kumtesa mnyama haifutwi na bismillahi ya mwisho. Bibi aliyemfungia paka mpaka akafa alitiwa motoni kwa paka huyo, na hakumla.

Jambo jingine ni nyamapori. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na wanyama hugongwa na magari. Aliyekufa kwa kugongwa ni kibudu, haliwi. Na aliyekufa katika tanzi la waya naye ni kibudu, ametajwa kwa sifa yake katika aya ya 3 ya Suratul-Maida: aliyekufa kwa kusongwa koo. Ukiongeza kuwa amepatikana kwa wizi, hapo hakuna haja ya falsafa ya kula mimea. Hiyo ni nyama ambayo kila Muislamu anatakiwa aiache, na tunajua si wote wanaoiacha.

Mke mjamzito

Sasa tufike kwenye mstari ule mmoja. Kijana ameamua juu ya mwili wake, na tumemwambia ana ruhusa. Juu ya mwili wa mkewe hana ruhusa hiyo.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi chakula cha mke ni haki yake ambayo mume humdaiwa. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho kila aliyesoma madrasa za Unguja amekipitia, ametaja kuwa mume humpa mkewe chakula kikuu cha mji, na kitoweo cha mji, na nyama kwa kadiri ya uwezo wa mume na kwa ada ya mji huo. Nyama imetajwa kwa jina lake. Kwa hiyo ikiwa ada ya watu wa hali yake Berega ni nyama mara moja kwa mwezi na dagaa na mayai katikati, hiyo ni haki ya mke. Yeye akitaka kuisamehe kwa radhi yake, ni shauri lake. Kumtaka aisamehe kwa kuwa mume amebadili fikra ni kumnyima haki, hata kama amemtamkia kwa upole.

Tena tazama sharia ilivyomtendea mjamzito. Funga ya Ramadhani ni nguzo ya Uislamu, na pamoja na hayo mwanamke akihofia nafsi yake au mtoto aliye tumboni ameruhusiwa kula. Ikiwa Allah amemwondolea nguzo kwa ajili ya mtoto, mume anapata wapi uwezo wa kumwekea funga ya kudumu ambayo Allah hakuiandika? Salman al-Farisi (r.a.) alimkuta nduguye Abu Dardai amezama katika funga na kuiacha familia, akamlazimisha ale, akamwambia Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake na mkewe ana haki juu yake. Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli.

Na kuna jambo la kitabibu ambalo halina mjadala. Vitamini iitwayo B12 hupatikana katika nyama, samaki, maziwa na mayai, na katika mimea hakuna chanzo cha kutegemewa. Mwili huweka akiba yake kwa miaka, ndiyo maana anayeacha haoni kitu mwanzoni, kisha huja upungufu wa damu, ganzi ya mikono na miguu, na usahaulifu. Mtoto mchanga akiba yake ni ndogo. Anayenyonya kwa mama aliyepungukiwa huweza kudhurika mishipa ya fahamu na ubongo. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa mama kliniki ni vya lazima, lakini havichukui nafasi ya B12. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 umeonesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Hao hawakuacha maziwa kwa huruma. Wengi wao hawakuyapata. Kumnyima mtoto kwa makusudi kile ambacho wenzake wamekikosa kwa dhiki ni jambo ambalo baba ataulizwa.

Basi tunamwambia kijana: ampeleke mkewe kliniki, na hospitali ya Kanisa la Anglikana ipo hapo hapo Berega, amweleze mganga wazi wazi kuwa mkewe ameacha vyakula vya wanyama, na afuate atakayoambiwa. Kumuuliza mganga mjuzi asiyekuwa Muislamu katika jambo la tiba hakuna ubaya. Yeye mwenyewe, kwa kuwa anaendelea na ulaji wake, atumie vidonge vya B12 na asiache kunde, maharage, karanga na ufuta. Kuilinda nafsi ni wajibu, na asiyetaka kujilinda hana haki ya kuendelea. Atazame pia vidonge vyenyewe, maana ganda la vidonge vingi hutengenezwa kwa jelatini ya ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingine ni ya nguruwe. Hapa yeye na mzee wake watajikuta wanasoma karatasi moja.

Kama aliapa, na kama mtoto atazaliwa

Hakututajia kama aliapa. Ikiwa alisema tu kuwa nyama ni haramu kwake, kwa Mashafi maneno hayo ni upuuzi usiofungamana na kitu kwa upande wa chakula, na anaweza kula wakati wowote. Madhehebu mengine yanayahesabu kuwa kiapo. Ikiwa aliapa kwa jina la Allah, kisha akataka kula, atavunja kiapo na kutoa kafara iliyotajwa katika aya ya 89 ya Suratul-Maida: kuwalisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu.

Udhiya kwetu ni Sunna iliyokokotezwa, si faradhi. Mwenye uwezo asiiache. Si sharti ashike mguu wa mbuzi wala kisu, anaweza kumuwakilisha mwingine. Wala si lazima ale. Lililo wajibu ni kutoa sehemu ya nyama mbichi kwa masikini, na akiitoa yote ametenda vyema. Masikini wa Berega hawajaacha nyama.

Na baada ya miezi minne, inshaallah, mlango wa akika utafunguka: mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike, siku ya saba. Hilo ni la baba wa mtoto, naye ana ruhusa ya kumuwakilisha amtakaye. Tunaona amuwakilishe mzee wake. Kwanza aende akamwamkie, amtake radhi kwa neno lile la Idd, kisha amwombe achinje kwa niaba yake. Mzee asimtake kula, na kijana asikae mbali na wageni. Akae nao, ale wali na mchuzi wa maharage. Nyama ipikwe igawiwe, mifupa isivunjwe katika viungo, na mguu mmoja mbichi apelekewe mkunga.

Wallahu a'lam.